UTANI NA ADABU ZA WAKUSANYA SARAFU WA VANGA

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotutaka tuandike makala za jarida la mwaka huu, wenzangu wengi walikimbilia methali, vitendawili na ngeli. Mimi niliomba kuandika juu ya sarafu za zamani na watu wanaozikusanya. Darasa zima lilicheka. Mmoja akauliza, "Wewe hata ya mahamri huna, utaandikaje juu ya pesa?" Naam, nakiri ya mahamri sina. Lakini hizi nitakazozieleza ni pesa zisizonunua mahamri, na elimu yake nimeipata kwa gharama ambayo msomaji ataiona huko mbele.

Katika mtaa wetu hapa Vanga kuna baraza ya saruji mbele ya duka la fundi cherahani. Baada ya sala ya alasiri, hasa siku ya Ijumaa, huketi hapo watu watano au sita. Kila mmoja ana chake: mwingine kopo la maziwa ya unga, mwingine mfuko wa kitambaa, mwingine chupa ya dawa iliyokwisha dawa. Ndani yake mna sarafu. Si chama kilichoandikishwa, hakina mwenyekiti wala kiingilio. Mimi nilianza kwenda hapo nikiwa Kidato cha Kwanza, nikitumwa na nyanya yangu kuchukua nguo kwa fundi, na nikawa nachelewa kurudi.

Msomaji wa mbali huenda akashangaa, Vanga na sarafu wapi na wapi? Ajue basi kwamba mji wetu umekaa mpakani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mstari wao waliuanzisha kwenye mdomo wa mto ambao katika mkataba wao waliuita Wanga au Umbe. Ni huu huu Umba wetu. Tangu hapo huku kukawa na fedha ya serikali moja na kule fedha ya nyingine, na watu wakawa ni wale wale, wanaoana, wanazikana, wanauziana samaki. Mvuvi hakumwuliza mteja wake ni raia wa nani. Alipokea alichopewa. Ndiyo maana ukifungua kopo la mzee wa Vanga utakuta falme nne au tano zimelala pamoja bila kugombana.

Kwanza kabisa ni reale, ile fedha kubwa yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa miaka na miaka baadaye, lakini mwaka ulioandikwa ni ule ule 1780. Kisha kuna pesa za shaba zenye picha ya mizani. Za Sultani Barghash wa Unguja zina miaka ya Kiislamu 1299 na 1304. Ya Mombasa ilitolewa na ile Kampuni ya Kiingereza iliyopewa pwani yetu kuitawala kabla serikali yenyewe kuingia mwaka 1895, nayo imeandikwa 1888. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Upande wa Wajerumani nao walikuwa na pesa zao, hata ilipofika 1904 wakaanzisha heller, mia moja kwa rupia. Huku kwetu senti zilianza 1906 na 1907, rupia ikaondoka, ikaja florini ya 1920 ambayo haikukaa, kisha shilingi. Shilingi za mwanzo za Afrika Mashariki zimeandikwa 1921. Za Kenya yenyewe, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, zimeandikwa 1966.

Hapo nimepita mbio, manake historia hiyo mtu anaweza kuisoma. Lisilosomwa popote ni namna watu wa baraza wanavyozungumza, na hilo ndilo somo langu.

Barazani hakuna anayeitwa kwa jina lake. Kila mtu ana jina la utani, na jina hilo limetoka kwenye sarafu. Fundi cherahani anaitwa Tundu, kwa kuwa anapenda zile senti zenye tundu katikati, na pia kwa kuwa riziki yake yote hupita kwenye tundu la sindano. Mwalimu mstaafu anaitwa Reale. Nilidhani ni kwa heshima, ya ukubwa wa ile sarafu. Kumbe la! Tundu alinieleza: "Reale miaka nenda miaka rudi imeandikwa tarehe moja. Na mwalimu hadithi zake ni hivyo hivyo. Ukimsikia leo umemsikia mwaka jana." Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo, akajibu bila kuinua macho kwenye gazeti: "Kitu chenye thamani hakibadilishwi tarehe. Senti ndiyo hubadilishwa kila mfalme akifa."

Halafu wako wavuvi wawili. Mmoja ni wa hapa hapa, mwingine ni wa upande wa pili wa mpaka ambaye ameoa kwetu. Hawa wanaitwa Pesa na Hela. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili atege sikio. Sisi Wakenya tunasema pesa, neno lililokuja na biashara ya Bara Hindi, paisa. Majirani zetu wa Tanzania husema hela, na hilo ni lile lile heller la Mjerumani. Mjerumani aliondoka katika Vita Vikuu vya Kwanza, heller ikaacha kutumika, lakini jina lake limebaki mdomoni hadi leo. Basi wavuvi hawa wawili wanapotaniana, wanataniana kwa historia ya miaka zaidi ya mia moja bila kufungua kitabu.

Nitatoa mfano mmoja niliousikia kwa masikio yangu. Hela alitoa senti tano ya Tanzania ya mwaka 1966. Upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere na upande wa pili ina samaki, sulisuli. Akaiweka juu ya kitambaa, akasema, "Tazameni serikali inayojua heshima ya mvuvi."

Pesa akaitazama, akasema, "Mumemtia kwenye sarafu manake baharini mumeshindwa kumvua."

"Afadhali sisi tumeshindwa kumvua. Nyinyi mwaka 2018 mumetoa sarafu mpya, ziko nne. Shilingi moja, twiga. Tano, kifaru. Kumi, simba. Ishirini, ndovu. Pwani yote hii hata dagaa mmoja hamukupewa!"

Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Pesa alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Dagaa ni wa kuliwa, yakhe. Huwezi kumtia serikalini."

Nimeiandika kama ilivyokuwa kwa sababu inaonyesha jambo. Utani mzuri wa baraza una ujuzi ndani yake. Ili Hela amchokoze mwenzake ilibidi ajue wanyama wote wanne wa sarafu zetu mpya. (Na kwa faida ya msomaji, sarafu hizo hazina sura ya mtu kwa sababu Katiba yetu ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu.) Asiyejua chochote hawezi kutania, atatukana tu. Naye anayetaniwa hupimwa kwa jibu lake, haraka yake na utulivu wake. Akikasirika ameshindwa. Akinyamaza kabisa ameshindwa vile vile.

Utani huu una mipaka, na mipaka hiyo haikuandikwa mahali. Niliijua kwa kuiona ikivunjwa. Wakati wa kusi bahari inapochafuka, wavuvi wadogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Mwaka mmoja Pesa aliuza sarafu zake tatu ili nyumbani kuliwe. Ijumaa iliyofuata akaja barazani na kopo lake likiwa jepesi. Mzee mmoja ambaye si wa kila siku akalitikisa, akasema, "Naona wageni wamehama!" Hakuna aliyecheka. Mwuza kahawa, ambaye yeye hana hata sarafu moja ya zamani lakini huitwa Benki Kuu kwa kuwa neno lake ndilo la mwisho, aliacha kumimina. Mzee yule akaelewa. Akatoa pesa, akanunulia baraza nzima kahawa, na kikombe cha kwanza akampelekea Pesa kwa mikono miwili. Hakusema samahani, na haikuhitajika. Kwa hiyo nikajifunza kwamba sarafu hutaniwa, tabia ya mtu na usimulizi wake hutaniwa, mfalme aliyekufa hutaniwa bila kiasi, lakini mfuko wa mtu hautaniwi.

Adabu nyingine ni za mikono. Mtu akifika huamkia kwanza, huketi, hunywa kahawa. Kutoa sarafu kabla ya kahawa ni sawa na kuingia ndani bila hodi. Kisha kitambaa hutandikwa ili ikianguka isigonge saruji. Sarafu moja hutoka kwa wakati mmoja. Hupokewa kwa mkono wa kulia, hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, kamwe huigusi uso. Nilipouliza sababu, Tundu alinipa kioo safi akaniambia nikiguse, kisha nikitazame. Alama ya kidole ilikuwa pale. "Jasho lako lina chumvi na mafuta," akasema. "Kwenye kioo utafuta. Kwenye shaba itakula polepole, na mwaka ujao kidole chako kitakuwa kimeandikwa juu ya mfalme." Kwetu hapa ni balaa zaidi kwa sababu hewa yenyewe ina chumvi. Sarafu ya shaba ikiachwa wazi huota kutu ya kijani kama chombo kilichozama. Ndio maana makopo yao hufunikwa vizuri, na Reale hutia punje za mchele mkavu kwenye karatasi ndani ya kopo lake ili zinywe unyevu.

Ziko adabu za maneno pia. Bei haiulizwi. Ukiuliza "Ni ngapi?" watajua wewe mgeni. Huulizwa "Imekujaje?" na hapo mwenyewe atasimulia: niliichimbua shambani, niliikuta kwenye sanduku la marehemu baba, nilirudishiwa chenji Lunga Lunga. Hiyo hadithi ndiyo nusu ya sarafu. Na mtu akileta ya bandia haambiwi mbele ya watu kwamba ni bandia. Reale huitazama, huipindua, husema, "Hii bado kijana." Mwenye akili hufunga mfuko wake, baadaye humfuata mwalimu faraghani kuuliza alivyotambua.

Lakini iliyonipendeza kuliko zote ni hii: mtoto hapunjwi. Kijana akija na kitu cha maana asichokijua, akataka kukibadilisha kwa kitu duni kinachong'aa, mkubwa aliye mbele yake lazima amwambie. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilitaka kumpa Tundu heller tano ya 1913, yenye tundu, niliyoiokota karibu na kisima, ili anipe shilingi arobaini, ile iliyotolewa 2003 wakati wa miaka arobaini ya uhuru. Niliitaka kwa kuwa ni kubwa na ina rangi mbili. Tundu, ambaye kwa matundu humwambii kitu, alinirudishia heller yangu. "Nenda ukaulize watu watatu kwanza," akasema. "Wakikwambia bado unataka kubadilisha, rudi." Sikurudi. Mpaka leo hunitania: "Uliniachia njaa wewe, na chakula kilikuwa mdomoni!"

Naam, wakusanyaji pia wana maradhi yao, tusiwapambe mno. Kila mgeni huja na ndoto kwamba kopo lake lina nyumba ya ghorofa ndani yake. Mfano wa kufundishia ni senti kumi ya mwaka 1936. Mwaka ule Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George wa Tano alikufa Januari, Edward wa Nane akashika na Desemba akajiuzulu kabla hajavikwa taji, akaja ndugu yake, George wa Sita. Huko kwao Uingereza sarafu za Edward hazikuwahi kutoka kutumika madukani. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, basi zilikwisha kupigwa kwa jina lake na zikatumika huku Afrika Mashariki. Mtu akisikia habari hiyo humpanda wazimu. "Mimi nina sarafu ya mfalme asiye na sarafu!" Hapo Reale humwuliza mambo mawili. La kwanza, umesoma jina au umesoma mwaka tu? Manake ziko za 1936 zenye jina la George wa Tano. La pili, tuliokaa hapa ni wangapi wenye nayo? Na mikono yote huinuka. Zilipigwa kwa wingi sana. Kuwa na hadithi nzuri si kuwa adimu, na kwa mara ya kwanza mimi nilielewa tofauti ya maneno hayo mawili pale barazani, si darasani.

Sasa nifike kwenye gharama niliyoitaja mwanzo.

Nyanya yangu ana pesa moja ya mizani, ya Mombasa, ya 1888. Alipewa na mama yake, naye alipewa na mama yake. Miaka yote aliifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake za matumizi. Haionyeshi ovyo. Nilimbembeleza mwezi mzima anipe niipeleke barazani. Hatimaye alifungua fundo, akanipa, akasema, "Kaionyeshe, uirudishe kama ilivyo." Kama ilivyo, msomaji. Alisema kwa maneno hayo hayo.

Ilikuwa nyeusi-nyeusi, rangi ya kahawa iliyoungua. Nikaona aibu kuipeleka vile mbele ya wazee. Nilitaka nyanya yangu aheshimike. Basi Alhamisi jioni nilichukua ndimu na mchanga mwembamba wa ufuoni, nikakaa nyuma ya nyumba nikaisugua. Ilitoka rangi nzuri! Nyekundu inang'aa kama jua la magharibi. Nilisugua tena. Usiku sikulala kwa furaha.

Ijumaa nilikunywa kahawa yangu, nikangoja zamu, nikaiweka kwenye kitambaa. Nilitazamia kelele. Nilitazamia mashallah. Kimya. Tundu aliichukua ukingoni, akaipeleka mwangani, akampa Reale. Reale akampa Pesa. Ilizunguka baraza nzima na kurudi bila neno moja. Hapo nikajua. Watu ambao hutania hata mvua walikosa utani, na ule ukimya ulinichoma kuliko matusi. Mwishowe Reale akauliza kwa upole, "Ilikuwa ya nani?" Si "ni ya nani." Ilikuwa.

Baadaye alinieleza kosa langu, na mwalimu wetu wa kemia alinifafanulia zaidi. Shaba ikikaa miaka mingi hushika ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayoikinga shaba ya chini isiendelee kuliwa, na ndiyo ushahidi wa umri wake. Ndimu ina asidi, na asidi huyeyusha oksidi ya metali, jambo ambalo tuliandika daftarini na nikapata alama zote. Mchanga nao ni mgumu kuliko shaba. Ile mistari myembamba ya mizani, na baadhi ya herufi za Kiarabu, nilikuwa nimezitoa pamoja na weusi. Aliyezoea akiitazama huona mikwaruzo ya mviringo, alama ya mtu aliyesugua kwa bidii. Kwa wakusanyaji sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Nilipofika nyumbani nilimpa nyanya na kumwambia ukweli. Hakunigombeza. Aliishika, akaizungusha kwenye kidole gumba mara kadhaa, akafumba macho, akaizungusha tena. Kisha akasema, "Sasa nitaijuaje? Mimi nilikuwa naijua gizani." Alikuwa akiitofautisha na sarafu nyingine kwa kidole, ndani ya fundo, bila kufungua. Ile mizani alikuwa akiisoma kwa ngozi. Mimi niliyekwenda shule nilikuwa sijajua kwamba inasomwa hivyo.

Kwa wiki tatu sikwenda barazani.

Katika wiki hizo alikuja mtu nyumbani, mnunuzi, simjui jina. Alikuwa amesikia habari za pesa ya mizani. Alikaa, akatoa noti, akazihesabu juu ya jamvi mbele ya nyanya, na siwezi kusema uongo, zilikuwa zinatosha karo iliyobaki ya muhula. Aliuliza bei kabla hata ya kuuliza hali. Nyanya alinitazama mimi. Kama sarafu nilikwisha kuiharibu, nilisema moyoni, si heri ilipe karo? Nilikimbia kumwita Reale. Alikuja, akaamkia, akaketi, akazungumza na yule bwana juu ya barabara na mvua. Ndipo akamweleza kwamba kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya 2006, kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa turathi. Kukifanyia biashara kuna leseni yake, kukitoa nje ya nchi kuna kibali chake. Akamwuliza kwa adabu kama anavyo vyote viwili. Yule bwana alikumbuka kwamba ana safari. Hata noti alizikunja vibaya.

Nilipomshukuru mwalimu alisema, "Usinishukuru mimi. Ijumaa uje. Tundu amekosa mtu wa kumtuma kahawa."

Nikaenda. Nilifika kichwa chini, nikaamkia, nikakaa pembeni kabisa. Hakuna aliyenitazama. Hela alikuwa anasimulia habari za papa. Benki Kuu akanimiminia kikombe, akakiinua akauliza baraza nzima, "Hiki cha nani?"

Tundu akajibu pale pale, sindano mdomoni: "Cha Ndimu."

Lo! Walicheka hadi mbuzi waliokuwa chini ya mwarobaini wakasimama. Nami nilicheka, na machozi yalikuwa yananitoka, sijui ya nini. Tangu siku ile jina langu barazani ni Ndimu. Kila mgeni akija na sarafu nyeusi akauliza isafishwe kwa nini, huambiwa, "Mwulize Ndimu, yeye ni daktari." Nami humweleza yote, tangu oksidi hadi nyanya. Kama ni chafu ya udongo, loweka kwenye maji safi, iache ikauke yenyewe, basi. Usisugue, usitie ndimu, ukwaju, siki, majivu wala dawa ya meno.

Wenzangu wa shule wenye sarafu majumbani mwenu, hasa mlioko Jimbo na Majoreni, njooni nazo Ijumaa alasiri. Msiogope kutaniwa. Mkisikia kimya ndipo muogope.

Pesa ya nyanya imerudi kwenye pindo la leso. Juzi nilimwomba niione, nikaishika ukingoni. Imeanza kufifia, wekundu unakwenda kwenye kahawia. Nikamwambia kwamba rangi itarudi, ila itachukua miaka. Akaniambia, "Mume wangu wee, mimi n'na miaka ya kungojea? Utaingoja wewe." Akaichukua, akafunga fundo mara mbili, akanituma dukani kununua ndimu.